Leja ya Nondo

Miaka thelathini na moja nilihesabu nondo
katika stoo ya vifaa vya ujenzi, Mtaa wa Rwagasore:
milimita nane, kumi, kumi na mbili, kumi na sita,
kutu ikanikaa begani hadi Jumapili.
Kuingia. Kutoka. Salio.
Mwaka wa tisini na nne zilipungua ishirini na tatu,
nikakatwa mshahara miezi minne,
na hadi leo sijui zilitokea mlango upi.

Sasa nimestaafu, niko Kitangiri, nahesabu nondo.

Mjukuu wangu Holo alicheka hadi akakaa chini.
"Babu, kazi ni ileile?"
Nikamwambia sikiliza vizuri, wewe wa darasa la tano:
zile zinaingia, hawa wanaingia.
Silabi moja tu lugha yetu imeweka
kati ya chuma na pumzi,
na mimi umri wote nimekaa upande mmoja wake.

Vifaa: shuka jeupe, limefungwa kamba
kutoka mpapai hadi jiwe kubwa
(kila kiwanja huku kina jiwe lake, letu limebeba matembele).
Balbu moja, waya umepita dirisha la jikoni.
Kauntabuku kwaya mbili. Stuli.
Mama Mugeta alipoona mwanga na shuka saa nne usiku
akamtuma mjumbe.
Mjumbe akaja na tochi na kikohozi.
Nikampa stuli.
Aliondoka saa sita, akidai
yule mwenye macho mawili kwenye mabawa ya nyuma
amemwona yeye kwanza, niandike hivyo.
Nikaandika hivyo.

Majina yao ya vitabuni siyajui. Nawapa ya stoo.
Wa kijivu, anayeacha unga kidoleni: Saruji.
Wa kahawia iliyoiva: Kutu.
Mwembamba, anayetua kichwa chini: Msumari wa Bati.
Yule mkubwa anayevuma akizunguka balbu
Holo alimwita Mwalimu wa Zamu,
maana akifika wengine wote hutawanyika.
Vunjajungu alikuja kula.
Nikamwandika chini ya Kutoka.
Kombamwiko simwandiki, ana leja yake jikoni.

Ukurasa wa kwanza, Machi: Saruji arobaini na mmoja.
Machi ya mwaka huu: tisa.
Nimehesabu tena. Tisa.
Ng'ambo ya ukuta, palipokuwa na kichaka,
jirani amepandisha ghorofa,
na juu ya zege nondo zimechomoza, zinangoja ya tatu,
milimita kumi na sita, nazijua kwa macho.
Zile zimeongezeka, hawa wamepungua.
Safari hii mlango nimeuona,
ila hakuna wa kumkata mshahara.

Juzi, mwezi ukiwa giza, ziwa likafuka moshi.
Haukuwa moshi.
Visubi walipanda kutoka upande wa Saanane,
wakaifunika balbu, wakaingia masikioni,
wakaingia kwenye chai.
Nilifika mia mbili na kumi nikaweka kalamu chini,
kisha nikaiokota, nikaandika neno
ambalo mkaguzi angelikata kwa wino mwekundu:
wengi.

Asubuhi Nkwimba alitaka shuka lake.
Nilimwonyesha pindo la chini:
Saruji mmoja ametaga,
safu tatu, mayai madogo kuliko nukta,
yamepangwa kwa kamba na timazi.
Mke wangu aliinama, akatazama kwa muda mrefu.
Akasema shuka hilo lilikuwa la seti.
Akaingia ndani.

Nikafungua leja.
Kutoka: shuka moja, jeupe, futi tano kwa sita.
Mpokeaji: Saruji.
Sahihi ya mpokeaji: nimeacha wazi.
Salio: foronya mbili.